Mwanangu, rangi ichagulie ukutani, si dukani

Mwanangu,

Assalamu alaykum. Umeniuliza nyumba ya Wete uipake rangi gani, ukaniletea picha ya kadi ya dukani. Hiyo kadi iweke kando. Kirangi cha ukubwa wa kidole gumba hakikuonyeshi ukuta mzima chini ya jua letu: iliyopauka kwenye kadi itakuwa kama nyeupe, na iliyokolea itachoma macho.

Nunua rangi mbili tatu za lita moja moja. Paka kipande cha mita moja kwa mita moja, mikono miwili (yaani urudie mara mbili), ukuta wa mashariki na wa magharibi pia. Vitazame asubuhi, adhuhuri na kabla ya jua kuchwa, na kila mara simama pahala unapoliona na bati la paa. Bati lako la kijani hutalibadilisha leo wala kesho, basi rangi ndiyo ilifuate.

Rai yangu ni manjano ya udongo iliyopauka juu, na chini damu ya mzee, sentimita 80 kutoka ardhini. Udongo wa hapo ni mwekundu. Maji yakidondoka kutoka kwenye bati hurusha tope ukutani, na masika moja tu yatosha kuuharibu ukuta mweupe. Nyeupe hupunguza joto kuliko zote, sikatai, lakini itakudai kuipaka upya kila mara. Nyekundu kali na bluu kali nazo hupaushwa na jua mapema. Rangi za udongo, zikikorogwa kwa unga wa kutu ya chuma, hustahamili. Dukani taja wazi kuwa unataka rangi ya maji ya nje. Ile ya ndani mvua huila.

Sasa ukuta wenyewe, maana hapa ndipo fedha za watu zinapopotea. Lipu mpya iache siku 28 kwa uchache, na wakati wa mvua zaidi. Saruji changa ina ukali unaokula rangi na kuacha mabaka, na maji yaliyomo yakitafuta njia ya kutoka huisukuma rangi ikavimba na kubanduka. Jaribu hivi: bandika kipande cha nailoni cha nusu mita kwa nusu mita, kingo zote uzizibe kwa utepe, ulaze usiku kucha. Asubuhi ukikuta matone kwa ndani, au lipu imekolea weusi, ngoja. Ukiona unga mweupe wa chumvi, usiuoshe, maana maji huuyeyusha ukarudi ndani. Ukwangue mkavu kwa brashi ngumu. Kisha ndiyo upake praima, yaani rangi ya msingi, inayohimili ukali wa saruji.

Nyumba ya mita 12 kwa 9, kuta za mita 3, ina mita za mraba 126. Ukitoa milango na madirisha, tuseme zimebaki 108: chini kama 31, juu 77. Kwenye lipu ya kawaida lita moja huenea mita za mraba 8 hivi. Kwa mikono miwili, juu utahitaji ndoo ya lita 20 na galoni moja ya lita 4, chini galoni mbili. Rangi ya juu inunue yote siku moja, ukaichanganye kwenye pipa moja kabla ya kuanza, kwa sababu ndoo na galoni zilizokorogwa mbalimbali hazifanani sawasawa. Namba ya mchanganyiko iandike.

Mwambie fundi asizidishe maji. Mkono wa kwanza lita 2 kwa ndoo ndiyo mwisho. Akizidisha, rangi itaenea sana siku hiyo, na baada ya miezi itakuwa inatoka unga ukiipitishia kiganja. Afuate kivuli: asubuhi ukuta wa magharibi, alasiri wa mashariki. Rangi ikikaukia juani huacha michirizi ya rola. Kazi yenyewe ifanyeni Julai au Agosti, wakati wa kipupwe.

Ile nyumba ya bibi yako ya Mji Mkongwe usiiguse kwa rangi hii. Kuta zake ni za mawe na chokaa, hupumua; ukizifunika kwa rangi ya plastiki kama hii unyevu hunasa ndani na chokaa hulegea. Ile hupakwa chokaa, baada ya kupata ruhusa ya Mamlaka ya Mji Mkongwe.

Mkeo naye ashiriki kuchagua, mwoneshe vile vipande kabla hujalipa. Nisalimie watoto.

Baba yako