Nzi wa maembe: kikao kimesogezwa, sasa ni JUMAMOSI

Salaam aleikum wenzangu, hamjambo. Kikao si Jumapili tena, ni Jumamosi saa tatu asubuhi, pale pale Mtongwe, na mje na majembe.

Juzi nimepasua embe zuri tu kwa nje, kadoa kamoja kama kadungwa sindano, ndani funza tele wanarukaruka. Huyu nzi si wa kwetu, asili yake Asia, Kenya kaonekana 2003, jike anadunga ganda anataga ndani, mayai yanaangua siku moja mbili hivi, funza wanakula wakishiba wanatoka wanajichimbia mchangani wageuke nzi, sasa yale maembe mnayoyaacha chini yaoze ndo kiwanda chenyewe jamani!! Na si maembe peke yake, mapera pia, hata kungu anaingia.

1. Kila mtu aokote yaliyoanguka kila siku, ayafukie kina cha nusu mita ama ayafunge kwa mfuko mweusi ayaache juani. Kumwagia ngombe bila kuyapika hapana, funza wengine watabaki.
2. Mchango wa mitego ni 300 kwa kila boma, mwisho Alhamisi usiku, tumeni kwa mweka hazina. Ile chambo ya ndani ya mtego yavuta nzi madume tu, kwa hivyo msiseme nimetundika mtego nimemaliza.
3. Mwenye chupa za plastiki tupu azilete.

Nijibuni hapa kabla ya Alhamisi: unakuja ama hukuji, na una miembe mingapi. Mkisoma mkanyamaza nitapiga simu mmoja mmoja 😅