Risala ya klabu ya sayansi kwa mgeni rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwalimu mkuu, walimu wetu, wazazi wetu na wanafunzi wenzetu, asalaam aleikum na hamjambo nyote. Tunashukuru sana umekuja, foleni ya feri asubuhi tunaijua ilivyo na bado umefika huku Likoni kabla ya wakati.

Mwaka huu klabu imeshughulika na kitu kimoja tu, eksirei. Ilianza pale mwenzetu alivunjika mguu uwanjani akatuletea filamu yake, tukaibandika dirishani, mfupa unaonekana mpaka ule ufa mwembamba kama uzi, lakini nyama na mishipa yote ni ukungu mtupu. Mwalimu akatwambia ndio hivyo, tangu mwanafizikia Mjerumani Röntgen azigundue 1895 eksirei za kawaida zinapiga kivuli, mfupa una kalisiamu unazuia miale, nyama laini inaiachilia ipite karibu yote, sasa kivuli kitoke wapi?

Kumbe kuna njia nyingine, inaitwa fezi-kontrasti, na hii kusema kweli tuliielewa baharini. Nenda ufuo wa Shelly saa sita mchana maji yakiwa maangavu, tazama mchanga chini, utaona mistari ya mwanga inacheza kama wavu. Maji hayajazuia jua, ni viwimbi vya juu ndio vinaupinda mwanga, na ile mistari haitokei pale pale juu, lazima mwanga uteremke kidogo ndio ujikusanye. Eksirei nazo zikipita kwenye nyama zinapindwa, kidogo mno lakini zinapindwa, kwa hivyo ukiirudisha kamera nyuma ukaacha nafasi, kingo za mishipa na vifuko vya hewa vya pafu zinajitokeza zenyewe, na hujakata kitu kwa kisu.

Picha bora kabisa zinataka miale iliyotulia ya sinkrotroni, yaani mtambo mkubwa wa duara unaozungusha elektroni kwa kasi mno mpaka zitoe eksirei kali, kama ule wa Grenoble kule Ufaransa, ukilizunguka duara lake ni mita 844. 2021 watafiti walionyesha hapo viungo vizima vya binadamu waliofariki, likiwemo pafu la mgonjwa wa Covid, unaona pafu zima halafu unaingia ndani mpaka kipimo cha karibu maikroni 1, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita, na unywele wako una kama maikroni 70! Picha hizo ziko bure kwenye intaneti. Afrika nzima haina sinkrotroni hata moja, na hili linatuuma, maana ugonjwa wa mapafu uko hapa hapa kwetu.

Mheshimiwa, hatukuombi sinkrotroni. Tunaomba hadubini mbili, tuliyonayo ni moja na lenzi yake imeota kuvu kwa huu unyevu wa pwani, na bando la intaneti la klabu. Pia tunaomba utusemee huko mnakokaa vikao, sinkrotroni ya Afrika ikizungumzwa Kenya iwepo.

Kompyuta iko pale mezani karibu na dirisha, lile pafu tumeshalifungua, karibu ulione.