Barua kwa mwanangu: Mmea unavyoikumbuka baridi

Mwanangu mpenzi,

Swali lako la juzi bado ninalo kichwani. Mmea hauna ubongo, sasa unajuaje kwamba majira ya baridi yamekwisha na wakati wa kutoa maua umefika? Nilikujibu upesi upesi kwamba ni mambo ya jeni, na jibu hilo halikuniridhisha hata mimi. Jeni ni zilezile kabla ya baridi na baada yake. Kinachobadilika ni jinsi zilivyofungwa.

Chukua uzi mrefu, uuzungushe kwenye ushanga karibu mara mbili, kisha uende ushanga unaofuata, na unaofuata tena. Uzi ndio DNA. Kila ushanga ni protini nane za histoni zilizoshikamana, nao hubeba jozi za herufi 147 hivi za DNA. Uzi na shanga zake ndiyo kromatini. Shanga zikibanana, jeni iliyo hapo haisomeki, zikiachana, inasomeka. Na histoni hizi ni za kale mno, mwanangu: ile iitwayo H4 ina asidi amino (vipande vinavyojenga protini) 102, na ya njegere inatofautiana na ya ndama katika mbili tu!

Histoni zina mikia inayochomoza, na kwenye mikia hiyo seli hubandika alama za kikemia. DNA ina chaji hasi, mikia ina chaji chanya, ndiyo maana zinakumbatiana. Alama ya asetili hupunguza chaji ya mkia, na kumbatio likalegea. Alama ya methili yaweza kufungua au kufunga, kutegemea imewekwa wapi.

Sasa turudi kwenye baridi. Kuna mmea mdogo uitwao Arabidopsis ambao wanasayansi wameuchunguza sana. Una jeni iitwayo FLC, na kazi yake ni kuzuia maua. Baridi ikidumu kwa wiki kadhaa, protini za kundi la Polycomb hubandika methili tatu tatu kwenye mkia wa histoni H3, na jeni hiyo hufungwa. Kinachonivutia zaidi ni kwamba kila seli huamua peke yake: imefunga au haijafunga, hakuna nusu. Baridi ikiwa ndefu, seli zilizofunga huwa nyingi zaidi.

Joto likirudi, seli huendelea kugawanyika, na FLC hubaki imefungwa. Hapo ndipo penye jibu lako. DNA inaponakiliwa, histoni za zamani hugawanywa kwa nakala zote mbili pamoja na alama zao. Vimeng'enya huikuta alama ya zamani, vikaibandika pia kwenye histoni mpya iliyo jirani. Kumbukumbu imo humo.

Ila haivuki kwenda kwa kizazi kijacho. Ndani ya kiinitete cha mbegu alama hizo hufutwa, FLC ikafunguka upya, na mche utakaoota utalazimika kuipitia baridi yake wenyewe.

Mama yako