Risala ya Klabu ya Biolojia kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maonesho ya Sayansi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule, Mwenyekiti wa Bodi, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Shikamooni. Tunakushukuru, mgeni rasmi, kwa kuitikia mwaliko wetu pamoja na shughuli zako nyingi.

Seli ya kwanza ambayo wengi wetu tuliiona ni ya ngozi ya kitunguu iliyotiwa iodini. Huonekana vizuri, ila iodini imekwisha kuiua. Ndiyo maana mwaka huu tulichagua hadubini ya bapa la mwanga, inayomtazama kiumbe akiwa hai.

Watafiti huzitia seli alama kwa protini ya kijani, iliyopatikana kwanza kwa konyeza wa baharini, ambayo hung'aa ikimulikwa mwanga wa bluu. Hadubini ya kawaida humulika kiumbe mzima hata kama kinachotazamwa ni kipande kidogo. Protini hufifia mapema, na mwanga mkali huziumiza seli. Katika hadubini hii, leza hupitishwa kwenye lenzi ikawa bapa la unene wa mikromita chache, likamwingia kiumbe ubavuni, na kamera hukaa pembe mraba nalo. Kinachomulikwa ndicho kinachopigwa picha. Kwingine kote giza. Samaki mchanga hushikizwa kwenye jeli ya agarozi, akasogezwa kidogo kidogo, na kompyuta ikazipanga picha kama slesi za mkate.

Kumulika kwa ubavuni ni wazo la zamani. Mwaka 1903, huko Ujerumani, Siedentopf na Zsigmondy walilitumia kuona chembe za dhahabu ndani ya kioo. Mwaka 2004, katika EMBL, Maabara ya Ulaya ya Biolojia ya Molekuli, mjini Heidelberg, Jan Huisken, Ernst Stelzer na wenzao walionesha moyo wa samaki aitwaye medaka. Mwaka 2008, hapo hapo, Philipp Keller na wenzake walizifuatilia seli za samaki pundamilia kwa saa 24 za mwanzo za ukuaji wake. Tulipoitazama video yao, hata waliokuja klabuni kwa ajili ya soda walinyamaza.

Kwenye meza ya tatu kuna tangi la maji yenye matone ya maziwa. Mwanga wa leza ya kuelekezea ukipita kwenye kijiti cha kioo, hutanuka ukawa bapa jekundu majini. Maziwa yakizidi, huoni kitu. Mwalimu wa maabara haruhusu mtu kuinama usawa wa leza, na wewe pia atakukataza, utusamehe.

Hatuombi hadubini yenyewe. Bei yake ni ya kujengea madarasa. Tunaomba mapazia mazito ya maabara, kamera moja ya kuunganisha na kompyuta, na intaneti ya kupakulia michoro ya OpenSPIM, ambayo watafiti waliitoa bure mwaka 2013 kwa yeyote anayetaka kujiundia hadubini hii.

Kwa kuwa mapazia bado hatuna, na jua likifika madirishani bapa halionekani tena, tunakuomba uanzie meza ya tatu.

Tunaomba kuwasilisha.