Zile Nukta Nne: Barua kwa Vijana Wangu wa Fizikia

Wanangu,

Alhamisi iliyopita mlinialika niwasikilize mkiwasilisha kazi zenu, nami nikakaa nyuma, mahali pa kunyoosha goti langu. Kijana mmoja akaonyesha grafu ambayo nukta zake zote zilikuwa zimelala juu ya mstari kama shanga uzini. Nikamwuliza, mbona hapa ziko kumi na moja na jedwali lako lina kumi na tano? Akanijibu kwa adabu zote: "Hizo nne nilizitoa, Mzee. Zilikuwa zinaharibu." Ukumbi ukacheka. Usiku ule sikulala vizuri.

Najua mlikojifunzia. Kidato cha nne, maabara, jiwe limefungwa uzi linaning'inia, swali linataka g, yaani mchapuko wa mvutano wa dunia. Aliyepata 8.9 kwa mkono wake anachungulia kwa jirani, anarudi kupika muda wa bembea ishirini mpaka itoke 9.8, anapata vema. Aliyeiacha 8.9 yake anapata mkasi. Tunawafundisha kudanganya kwa rula na penseli, halafu mkifika chuoni tunashika vichwa. Dhambi hiyo ni yetu walimu kabla haijawa yenu. Nami nimesahihisha karatasi hizo kwa miaka mingi tu.

Sasa nisikilizeni habari za Raymond Davis, ambaye wala hakuwa mwanafizikia kwa elimu yake, alikuwa mkemia. Kila sekunde nyutrino, chembe ndogo mno zisizo na chaji, bilioni 60 na ushei kutoka kwenye Jua hupita kwenye ukucha wa kidole gumba chako, nawe huna habari. Davis alitaka kuzikamata. Akashuka karibu mita 1,500 ndani ya mgodi wa dhahabu wa Homestake, kule South Dakota, akajaza tangi zaidi ya tani 600 za kioevu ambacho madobi wa Marekani hufulia nguo bila maji. Kina klorini nyingi. Kwa nadra mno nyutrino hugonga atomu ya klorini ikageuka argoni. Basi Davis alisubiri wiki kadhaa, akapuliza heliamu ndani ya tangi kuitoa hiyo argoni, akaibuka na atomu chache za kuhesabika. Chache, wanangu, kutoka kwenye tangi la ukubwa ule!

Mwanafizikia John Bahcall alikwisha piga hesabu ya atomu zinazotegemewa. Davis akapata theluthi yake. Wakasema mkemia anapoteza atomu zake. Hakugombana. Alitia argoni ya kiasi anachokijua, akaitoa tena, akaonyesha kuwa haipotei. Kisha akarudi kuhesabu, na theluthi ikabaki theluthi, tangu 1968 hadi miaka ya tisini. Angekuwa wa kidato cha nne chetu, angeongeza argoni ya kalamu. Nani angemwona huko chini?

Mnamo 2001 na 2002 wenzake wa Sudbury, Kanada, wakiwa na tani 1,000 za maji mazito, yaani maji yenye haidrojeni nzito kuliko ya kawaida, kilomita mbili chini ya ardhi, walionyesha kwamba nyutrino hubadilika aina njiani, na tangi la Davis lilisikia aina moja tu. Hesabu ya Bahcall ilikuwa sahihi, na kipimo cha Davis nacho kilikuwa sahihi. Nobeli ilimfikia Davis mwaka 2002, akikaribia miaka 88.

Na msiogope kukosea. Mwaka 2011 kundi la watafiti wa nyutrino liitwalo OPERA, nchini Italia, lilipata nyutrino zinazoishinda nuru kwa nanosekunde 60. Likaanika data yake na kuomba likosolewe, na baadaye ikaonekana waya mmoja haukukazwa vizuri. Fedheha, ndiyo, lakini ya mchana kweupe.

Mengine kwa ufupi. Jifunzeni takwimu. Jifunzeni kulehemu. Andikeni kwa wino. Aliyewashikia ngazi mtajeni jina kwenye makala. Mama akiuliza chembe zitakulisha nini, usimjibu kwa kiburi.

Mimi ninalo daftari la ujanani lenye mahali palipofutwa kwa raba hadi karatasi ikakaribia kutoboka. Kaunta, chombo changu cha kuhesabia chembe, ilisoma juu kupita kiasi alasiri moja, nami nilikuwa na haraka ya kumaliza. Mpaka leo sijui ilikuwa nini, na kaunta yenyewe ilishauzwa kama chuma chakavu.

Kijana wa Alhamisi, zirudishe zile nne, chora upya, uniletee nyumbani. Baada ya alasiri nipo, na chai ipo.