Kwa mdogo wangu wa Ngamiani: zile diski bado nazihitaji

Mdogo wangu,

Assalaam alaikum. Ninakuandikia mahali ambapo kila mtu anaweza kusoma kwa sababu ujumbe wangu wa simu huufungui, na Dada amenieleza waziwazi kwamba amechoka kuwa tarishi kati yetu. Najua unasoma ninayoandika hapa, maana majibu yako hunifikia kupitia kwa watu wengine. Basi na tulizungumze lile kasha la diski la studio yako, ambalo unanilaumu kwa video zilizopotea ndani yake, uzuri wake na ubaya wake, kwa utulivu ambao simu haikuturuhusu.

Unawaambia watu kwamba mimi ndiye niliyelichagua. Ni kweli. Nililinunua hapa Muscat, katika duka moja la Ruwi, pamoja na diski zake nne za terabaiti 4, na kwa mahitaji mliyokuwa nayo wakati ule ningelichagua tena. Kumbuka studio ilivyokuwa. Kamera moja inayorekodi 4K kwa kasi ya megabiti 100 kwa sekunde hula gigabaiti 45 kwa saa, nanyi mlikuwa mnapeleka kamera tatu kwenye harusi ambazo hazijui kuisha. Meza ilijaa diski za nje, moja ikiwa na karatasi iliyoandikwa «bi harusi wa Chumbageni», nyingine ikiwa haina alama yoyote, na mteja aliyerudi kuomba nakala alikukuta ukichomeka na kuchomoa kama mtu anayejaribu funguo kwenye nyumba asiyoijua. Kasha liliondoa fujo hiyo yote. Diski nne zikaonekana kwenye kompyuta kama diski moja ya terabaiti 12, kwa waya mmoja wa USB, tena kwa kasi iliyokuwezesha kuhariri papo hapo bila kunakili kwanza. Wewe mwenyewe ulinitumia sauti usiku ule wa kwanza ukicheka, na ile sauti ninayo hadi leo.

Wasomaji wengine wanisamehe nikieleza kidogo, kwa sababu mjadala wa nyumbani umepotosha mambo. Mwaka 1988, David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walitoa hoja kwamba diski nyingi za bei nafuu zikifanya kazi pamoja zinaweza kushindana na diski moja kubwa ya gharama, mpango waliouita RAID. Tatizo walilolitambua tangu mwanzo ni kwamba kadiri diski zinavyoongezeka ndivyo uwezekano wa mojawapo kufa unavyoongezeka, kwa hiyo sharti pawepo taarifa ya ziada ya kufidia iliyokufa. Katika mpangilio wa RAID 5, ambao ndio niliokuwekea, taarifa hiyo ya ziada huitwa pariti, nayo husambazwa katika diski zote kwa kiasi kinacholingana na ukubwa wa diski moja. Ndiyo sababu nne za terabaiti 4 zilikupa 12 na si 16. Diski yoyote moja ikifa, kilichokuwamo hukokotolewa kutoka katika tatu zilizosalia, na kazi huendelea.

Sasa umeanza kusema kwamba ningekuwekea RAID 6, ambayo huvumilia vifo vya diski mbili, au RAID 10, ambayo kila diski ina pacha wake. Nani amekufundisha hayo, sijui, lakini nafurahi kwamba hatimaye unasoma. Mpangilio wowote kati ya hiyo miwili ungekuachia terabaiti 8 tu, na hata hizo 12 ulilalamika kwamba zitajaa kabla ya msimu wa harusi kwisha. Ningekupa 8 ungesema kaka yako wa Omani ana mkono wa birika. Sikukununulia lile la kuunganishwa na mtandao pia kwa sababu nilizozieleza na hukuzisikiliza: Aprili 2021 watu wengi wenye makasha ya kampuni ya QNAP yaliyokuwa wazi kwa intaneti waliamka wakakuta mafaili yao yamefungiwa kwa nenosiri na wahalifu wanaodai fidia. Kasha lako lilikuwa la waya, na hakuna mwizi wa mbali aliyeweza kulifikia. Hilo hulitaji.

Unalolitaja ni neno nililolisema: «Sasa mko salama.» Umelirudia mbele ya Mama, umelirudia kwenye hitima ya Baba, na nasikia umelirudia hata kwa wateja. Nililisema, na lilikuwa na maana yake. Mko salama dhidi ya diski moja kufa. Hakuna mtu anayefahamu vyombo hivi ambaye angelielewa vinginevyo. Kasha la diski nyingi halikukingi na faili ulilolifuta mwenyewe, kwa sababu linafuta kwa utiifu uleule linaohifadhi, katika diski zote kwa wakati mmoja. Halikukingi na moto, maji, mwizi au radi, maana umezikusanya diski zako zote juu ya meza moja na kuzilisha umeme kupitia adapta moja. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, data na pariti yake vinaweza kuachana bila mtu kujua, nami nilikutumia fedha ya UPS, ile betri ya kushikilia umeme ukikatika, ambayo mpaka leo sijaiona kwenye picha yoyote ya studio. Halikukingi hata na kifo cha kasha lenyewe. Drobo, kampuni ya Marekani iliyoanza mwaka 2005, ilipendwa sana na wapiga picha kwa sababu makasha yake yalipokea diski za ukubwa tofauti, lakini namna yalivyopanga data ilikuwa ya kampuni hiyo peke yake. Kampuni mama ilipoomba ulinzi wa kufilisika mwaka 2022, waliokuwa na data ndani walianza kujiuliza siku kasha likiharibika watapata wapi jingine la kuzisoma.

Kwa hiyo nilipogundua kwamba ulizifomati zile diski za nje na kuziuza, nilinyamaza kwa muda mrefu, na unanijua kwamba mimi si mtu wa kunyamaza. Zilikuwa za zamani, zilikuwa na kelele, karatasi zake zilikuwa zimebanduka, lakini ndizo zilizokuwa nakala. Harusi ya Dada ilikuwa kwenye mojawapo. Nasaha za Baba zilikuwa humo, dakika zote alizosimama na kipaza sauti kinachokoroma, akisema maneno ambayo mimi sikuyasikia kwa sababu nilikuwa huku kazini nikitafuta fedha ambazo sehemu yake ndiyo iliyolipia harusi hiyo. Nilichonacho mimi ni kipande cha simu kilichorekodiwa na mtu aliyekaa nyuma ya spika.

Peter Krogh, mpiga picha wa Marekani, aliweka kanuni ambayo hata mtoto anaweza kuikumbuka: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja iwe nje ya jengo. Ungeziacha tu zile diski za nje kwa Shangazi kule Pongwe, ungekuwa umekaribia kuitimiza bila kutumia shilingi. Badala yake ulizifanya mtaji.

Na sasa usiku wenyewe. Wewe unausimulia kana kwamba nilikuwa nimesimama nyuma yako. Kasha lilianza kulia, Mama alikuwa bado edani chumba cha pili, na ulitaka kelele ikome kabla hajaamka. Hilo nalielewa, na nia yako ilikuwa nzuri; wewe ndiye uliyebaki naye, si mimi, na Mungu akulipe kwa hilo. Lakini kuna kitufe cha kunyamazisha kengele nyuma ya kasha, karibu na tundu la adapta, nacho nilikuonyesha siku lilipofika. Ulinipigia kwa video, ukaelekeza simu kwenye kioo cha kompyuta, nami nikasoma kilichoandikwa: diski ya 2 imeshindwa. Nilisoma. Kusoma si kuamuru. Kabla sijamaliza kukuambia usubiri, nikaona mkono wako unavuta trei ya pili kutoka juu.

Programu ile huanza kuhesabu na sifuri. Diski ya 2 ilikuwa ya tatu. Ulichomoa diski iliyo nzima, ukaiacha ile mbovu ndani, na kwa mpangilio wa RAID 5, mbili zikikosekana hakuna cha kukokotolewa. Unasema kasha zuri lingekuwa na taa ya onyo kwa kila trei badala ya taa moja ya mbele kwa zote nne. Makasha ya namna hiyo yapo, na bei zake zipo pia, na mtu asiye na taa husoma namba iliyochapwa kwenye lebo ya diski akailinganisha na ile iliyo kwenye kioo. Hata hivyo kuchomoa si kosa ninalolishikilia. Diski ikitolewa na kurudishwa bila kitu kuandikwa, mara nyingi mambo hutengenezeka. Ninachokirudia usiku nikikosa usingizi ni kile kidirisha kilichotokea baadaye, kilichouliza kama unataka kuunda hifadhi mpya, na sauti yangu kwenye simu ikisema ngoja, ngoja, ngoja, nawe ukajibu, «Kaka Shaban, imeshakubali,» ukabonyeza.

Halafu ukakata simu.

Kuna jambo jingine ambalo hukulipa nafasi ya kusemwa. Hata ungechomoa diski iliyo sahihi, usingekuwa umevuka. Ukiweka diski mpya, kasha hulazimika kusoma zile tatu zote, terabaiti 12, ili kuijaza ya nne. Zikisomwa sambamba, kila moja kwa megabaiti 150 kwa sekunde, hiyo ni zaidi ya saa saba bila kupumzika, na kwa studio inayoendelea na kazi huwa ni zaidi sana. Watengenezaji wa diski za kawaida huahidi kwamba kosa la kusoma halitazidi moja kwa kila biti trilioni 100, yaani kama terabaiti 12.5. Diski nyingi hufanya vizuri kuliko ahadi hiyo, lakini zako nne zilinunuliwa siku moja, zikazunguka kwa saa zilezile, katika joto lilelile la Tanga na feni iliyozibwa na vumbi la barabara. Zinazozeeka pamoja huelekea kufa karibu karibu. Nasema hivyo ili ujue kwamba dawa ilikuwa nakala, na nakala ilikuwa mikononi mwako.

Wengine mnaosoma, mnaofanya kazi za harusi, msilichukie kasha kwa sababu yetu. Nunueni, lakini kwanza bei yake iwe imejumlishwa na bei ya diski za nje za kunakilia. Andikeni namba ya kila diski mbele ya trei yake siku ya kwanza. Mkiweka diski mpya, ulizeni kama ni ya SMR, ambayo mistari yake ya kuandikia data imepandana na hufanya ujazaji uwe wa polepole mno. Mwaka 2020 ilijulikana kwamba kampuni ya Western Digital ilikuwa imeweka aina hiyo katika baadhi ya diski zake ziitwazo Red bila kuitaja, ingawa diski hizo ziliuzwa kwa ajili ya makasha haya haya.

Nikurudie wewe. Sihitaji uombe radhi na sikuja kukusikiliza ukiniambia nani alisema nini. Nahitaji zile diski. Kwa kawaida hifadhi ikiundwa upya, kitu cha kwanza kuandikwa ni maelezo mafupi ya mpangilio, na video zenyewe huweza kubaki pale zilipo kama kasha halikuachwa liendelee kuzifuta. Nitanakili kila diski biti kwa biti kwanza, kisha nitafanya kazi kwenye nakala peke yake. Nne zinaweza kupangwa kwa njia 24, na programu hujaribu moja baada ya nyingine mpaka mafaili yasomeke. Tatu nzima zinatosha. Ila kama ni kweli alichonieleza Dada, kwamba mojawapo umeifunga kwenye kinasa cha kamera za dukani, basi kitoe kinasa kwenye umeme leo, usisubiri wateja waondoke, kwa sababu kinaandika juu ya Baba kila dakika.

Mjomba anakuja Muscat kabla ya Ramadhani. Mpe diski zote nne, ile mbovu pia, kila moja ndani ya mfuko wake na kitambaa kikavu, azibebe begi la mkononi na si mzigo wa chini. Usiziwashe tena kujaribu. Andika kwenye karatasi ipi ilikaa trei gani tangu juu, na kama hukumbuki usibahatishe, niachie mimi. Kasha na adapta yake vitie pia. Nimesikia umeshapata mnunuzi. Mrudishie fedha yake, nami nitakulipa.

Kaka yako,
Muscat