Noeli njema na Bonane, watu wa Boyoma

Wazee wetu, ndugu, dada, wakwe na watani, mlio Kisangani, Boyoma yetu, na mliotawanywa na kazi, ndoa na vita: Noeli njema na Bonane, yaani heri ya mwaka mpya. Kazi ya kuandika salamu hizi imebaki kwangu tangu kaka mkubwa alipoweka kalamu chini, na mwaka huu niliisogeza siku hata siku hadi Mama akaniuliza mara mbili kama watu wamekwisha kusalimiwa. Basi tunawatakia heri, afya, amani na riziki. Wagonjwa wapone, wasafiri wafike, wanafunzi wafaulu, waliooana karibuni wapate watoto, na sote tuuone mwaka 2026 tukiwa wazima.

Mwaka huu wa 2025 ulikuwa mgumu, tusidanganyane. Januari Goma ilichukuliwa na waasi wa M23, Februari Bukavu, na Desemba hii hii zikaja habari za Uvira. Hakuna ukoo hapa mjini usiokuwa na mtu upande ule. Simu ikilia usiku wa manane, nyumba nzima inakaa kitandani ikisikiliza atakavyoitika aliyeipokea.

Na sokoni? Dola ilianza mwaka ikiwa juu ya faranga 2,800, ikaja kuporomoka hadi karibu na 2,200. Tukapiga makofi. Lakini waliopandisha bei dola ilipopanda, hawa hawa, hawajapata habari kwamba imeshuka. Ukiuliza samaki ni kiasi gani, muuzaji anakutazama kama mgeni aliyeshuka kwenye boti jana. Na aliyezoea kutumiwa dola na ndugu wa ng'ambo sasa anahesabu faranga pungufu. Kwa hiyo Noeli hii ni lituma, ndizi za kuponda, kwa wote na kuku mmoja kwa nyumba mbili, na asiwepo wa kuona haya.

Juni ilipofika, ilitimia miaka 25 tangu vita vya siku sita vya hapa Kisangani. Sikuandika kitu wakati ule, nilishindwa, na deni hilo nalilipa leo. Jumatatu tarehe 5 Juni 2000, jeshi la Rwanda na jeshi la Uganda, marafiki waliokuja pamoja, walianza kupigana juu ya vichwa vyetu. Mmoja alikuwa mjini, mwingine ng'ambo ya mto Tshopo, daraja likawa katikati, na sisi wa komini ya Tshopo, mtaa wa upande huo wa mji, tukawa chini ya njia ya mabomu. Walikuwa wamekwisha kupimana nguvu Agosti 1999 na tena Mei. Almasi yetu ndiyo iliyowagombanisha, na nani awe bwana wa mji. Yalianguka makombora zaidi ya 6,000. Umoja wa Mataifa ulihesabu raia wapatao 760 waliokufa, majeruhi 1,700 hivi, na nyumba zaidi ya 4,000 zilizoharibiwa. Umeme ulikatika, mabomba yakakauka. Mto nao ulikuwa umefungwa tangu uasi wa 1998, boti za Kinshasa zilikuwa hazipandi tena, kilomita 1,700 za maji zilikuwa zimelala bure, na mji uliishi kwa toleka, baiskeli za kubeba abiria.

Koko, bibi yetu, alikuwa hai bado. Yeye aliyaona ya waasi wa Simba mwaka 1964 na askari wa miavuli wa Ubelgiji walioshuka asubuhi ya tarehe 24 Novemba, na alizoea kusema kwamba mji huu una bahati ya mtoto mzuri, kila anayepita anataka kumbeba. Siku zile sita hakusema lolote. Alikaa chini ya meza akishika rozari, akitupiga makofi tukiinua kichwa.

Yaya wetu, yaani dada yetu mkubwa, alikuwa na miaka 14. Jumapili ile ilikuwa Pentekoste, na alikuwa apokee kipaimara. Gauni lake jeupe lilikuwa kwa fundi, komini ya Makiso, limebaki kutiwa vifungo. Jumatano mabomu yalinyamaza kidogo, ndoo ilikuwa tupu, akasema anakwenda na kurudi. Kijana wa toleka ndiye aliyemrudisha, anatembea kando ya baiskeli, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine umemshika mgongoni asianguke. Makaburini hakuendeki. Tulimzika nyuma ya nyumba, chini ya mparachichi, Baba akichimba kwa jembe la bustani. Kufikia Pentekoste mizinga ilikuwa imenyamaza, na hakuna aliyepokea kitu. Julai fundi alikuja na gauni limekunjwa kwenye gazeti, vifungo vyote sita vipo, akakataa kupokea salio la pesa.

Mengine yamo kwenye vitabu. Tarehe 16 Juni Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 1304. Mwaka 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, kule The Hague, ilisema Uganda ina makosa, na Februari 2022 ikaipangia kulipa dola milioni 325. Kesi dhidi ya Rwanda mahakama hiyo hiyo ilisema haina mamlaka nayo. Mama hajapeleka karatasi zake za fidia popote. Tukimsukuma anauliza, "Nikaandike alikuwa bei gani?" Nasi tunanyamaza.

Sasa nisameheni nikipanda mimbari bila kuitwa na padri. Wale walikuwa wageni, walipigana na wakaondoka. Na sisi? Tangu 2023, hapa ng'ambo ya mto Kongo tu, komini ya Lubunga, makabila mawili, Wambole na Walengola, wamechinjana kwa sababu ya ardhi, watu waliooleana, waliovua samaki kwenye maji yale yale. Nyumba zilizopona mabomu ya 2000 zimechomwa kwa kiberiti cha jirani. Nani wa kumpeleka The Hague kwa hilo? Vijana, hizo sauti mnazorushiana kwenye simu, za "wale si watu wa hapa," zifuteni kabla hazijafika kwa mwenye panga. Wazazi, mtoto hazaliwi akijua kabila la kuchukia, anafundishwa mezani, kati ya tonge na tonge. Wazee wa koo, mnakaa kwenye viti vya mbele kanisani huku vijana wenu wako msituni na mishale, na mnajua walipo! Semeni neno! Na ninyi mnaokopa Desemba hii ili kikwembe, kitenge cha mke, kikishinde cha jirani, Januari haina huruma, na karo ya shule haipokei kikwembe. Aliye na wakimbizi jirani yake asingoje mashirika. Apeleke sahani iliyofunikwa, abishe hodi, akae, aulize habari, asipige picha.

Nimemaliza kuhubiri. Limebaki moja la nyumbani, na nawaomba mlisome vizuri.

Tangu Machi, Walikale kule Kivu Kaskazini ilipovamiwa, tunaishi na mama mmoja na binti yake waliofika kwa barabara ya Lubutu, mara kwa gari, mara kwa miguu. Binti ana miaka 13. Wiki iliyopita Mama alifungua sanduku ambalo hatukuwahi kuliona wazi, akatoa lile gauni. Limegeuka rangi, limekuwa kama chai ya maziwa. Amelifua mara tatu kwa limau, amelianika kivulini chini ya mparachichi, na juzi nilimkuta ameketi mlangoni akishusha pindo, kwa sababu huyu ni mrefu kuliko Yaya.

Atalivaa misa ya Noeli. Mtakaolitambua, shangazi zangu hasa, msimuulize Mama lolote pale mlangoni mwa kanisa. Msalimieni tu, na mwambieni binti amependeza. Bonane njema kwenu nyote.